Mchicha kwa Limao

Kwetu Muheza ukisema Mgiriki, wazee hawafikirii falsafa wala Olimpiki. Wanamfikiria mwenye shamba. Babu yangu alikata mkonge kwa Mgiriki tangu akiwa kijana asiye na ndevu mpaka mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na hadithi zake zote za Wagiriki zilikuwa za kofia, mbwa, na mizigo ya mkonge kuhesabiwa upya jioni. Kanisani nako nilisikia habari za Wayunani, watu waliotafuta hekima. Kwa miaka mingi niliamini Ugiriki na Uyunani ni nchi mbili: moja ya wenye mashamba, nyingine ya wenye hekima. Nilipofika darasa la sita ndipo nikaambiwa ni nchi moja, na sikufurahi.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alizamia meli miaka ya themanini kama walivyofanya vijana wengi wa bandari zetu waliojiita mabaharia, na meli ikamtema Piraeus, bandari ya Athens. Akaosha vyombo, akapaka meli rangi, akapata karatasi. Leo ni mpishi wa taverna, yaani mkahawa wa kienyeji, moja ya chini ya ardhi huko Kypseli, mtaa wa Athens ambao jina lake maana yake ni mzinga wa nyuki, na kweli una mchanganyiko wa watu kama mzinga. Mwaka 2023 alinialika nikakae miezi mitatu. "Njoo," aliniambia kwenye simu, "ila usije na picha za kwenye kalenda."

Nilikwenda na picha za kwenye kalenda: nguzo nyeupe, kuba la buluu, bahari. Nikabeba na vikapu sita.

Niseme kwanza vile vikapu vilikuwaje, maana aibu yote ilianzia hapo. Mimi nashona ukili. Nilifundishwa na bibi mzaa mama kuchana ukindu, kuuchemsha na rangi, kuusuka, kisha kushona ukili mzunguko juu ya mzunguko mpaka kikapu kisimame chenyewe. Soko langu lilikuwa duka moja la zawadi Dar es Salaam, na mwenye duka alikuwa na msemo wake: bila bitana hakiuziki. Nikatia bitana ya satini. Akataka zipu, nikatia. Akataka simbi, shanga, na maneno yaliyotariziwa kwa uzi wa njano. Kikapu kikawa kizito kabla hakijabeba kitu, na mimi nikiwaambia watu kwamba hicho ndicho cha kisasa.

Athens niliyoshushwa na basi haikuwa nyeupe. Ni maghorofa ya zege, rangi ya vumbi, yamebanana mpaka upeo wa macho, kila ghorofa na roshani yake na turubai lake la kujikinga jua. Mjomba alinieleza jinsi yalivyoota: baada ya vita, mwenye kiwanja alikuwa anampa mjenzi ardhi bila kulipwa hata senti, mjenzi anapandisha ghorofa, halafu wanagawana vyumba. Wao wanaita antiparohi. Jiji zima karibu limejengwa kwa kugawana namna hiyo. Nikaliona baya. Asubuhi yake nikatoka roshani kunywa chai, ambayo nao wanaita tsai, nikaona majirani wamepanda mrehani na mnanaa kwenye makopo ya jibini la feta na madebe ya mafuta ya zeituni. Mama yangu anapanda mrehani kwenye kopo la maziwa ya unga. Sikuliona baya tena, au tuseme nilianza kulitazama polepole.

Usiku wa kwanza mjomba aliniandalia sahani ya mchicha. Mchicha wa kuchemsha, maji yamechujwa, umemiminiwa mafuta ya zeituni na limao, pembeni samaki wadogo wa kukaanga kama dagaa.

"Mjomba, nimepanda ndege mbili nije kula mchicha?"

"Huku unaitwa vlita. Na ungekuwa mteja ungeulipia."

Kumbe ndivyo alivyopata kazi ya jikoni. Miaka hiyo alikuwa anaosha masufuria, mzee mwenye taverna akaingia na fungu la majani ya kiangazi akitafuta wa kuyachambua, na mjomba akayachambua kwa kasi ya mtu aliyelelewa na mchicha. Wakamtoa kwenye sinki. Wagiriki wana neno moja kwa majani yote ya kuliwa, horta, na wanayaheshimu kuliko sisi tunavyoyaheshimu yetu. Hata mnavu wanao, wanauita stifno. Kwetu mgeni akija unaficha mchicha unatafuta kuku. Pale taverna, mtu aliyevaa saa ya bei mbaya anaagiza mchicha kwa jina lake, tena anauliza kama ni wa leo.

Bamia nazo ni bamies, zinapikwa na nyanya na mafuta mengi, katika kundi la vyakula wanavyoviita ladera, yaani vya mafuta, ambavyo wengi hula siku za mfungo. Tofauti ni kwamba kwanza wanazinyunyizia siki na chumvi wakaziacha juani. "Huku utelezi ni adui," alisema mjomba, akacheka kama mtu aliyekwisha kusamehe. Pweza wanampiga mwambani kama tunavyompiga sisi, kisha wanamtundika kwenye kamba kama nguo, wanamchoma, wanamtia siki. Mshikaki, ukiwa Athens, ni kalamaki, maana yake katete kadogo, kwa sababu ya kijiti. Ila ukienda Thessaloniki ukaagiza kalamaki utaletewa mrija wa kunywea soda na muuzaji atajua umetoka Athens. Neno hilo linatokana na kalamos, tete, ambalo Waarabu walilichukua likawa kalamu, nasi tukalipokea pwani. Nilipoambiwa hivyo niliangalia mshikaki wangu kwa muda.

Hivi vyakula mjomba alivipika kama vilivyo. Kilichonishangaza ni kuona kwamba vijana wenye mikahawa mipya ya katikati ya jiji, wenye taa za kuning'inia na meza za marumaru, wanahangaika kurudi hapo hapo: horta, dengu, tambi ndogo zenye umbo la punje zinazopikwa kwa mchuzi wa kamba, trahana ambayo ni ngano iliyochachushwa na maziwa kisha ikakaushwa. Nikauliza, wanarudi kutoka wapi? Mzee mwenye taverna, ambaye kila mtu alimwita barba, neno la heshima kwa mtu mzima, alijibu kwa jina moja: Tselementes.

Nikolaos Tselementes alikuwa mpishi aliyekufa mwaka 1958, na alikuwa maarufu kiasi kwamba mpaka leo Mgiriki akitaka kitabu chochote cha mapishi anaweza kukiita tselementes. Aliona mapishi ya kwao yana Uturuki mwingi. Akapunguza viungo, akaongeza Ufaransa. Ule mchuzi mzito mweupe wa maziwa na unga unaofunika musaka, chakula chao cha biringanya na nyama, unaodhaniwa ndio Ugiriki wenyewe, ni mkono wake. Barba alisimulia haya akikata vitunguu, nami nikahisi joto masikioni. Mchuzi mweupe juu ya biringanya. Satini ndani ya ukindu.

Nilimwambia mjomba kwa Kiswahili. Akasema nisikimbilie kuhukumu, musaka ya mchuzi ndiyo waliyolelewa nayo wajukuu wote wa mtaa ule, na ukiuondoa leo watakupiga. Ana hoja. Kitu cha kupachika kikikaa vizazi viwili watu wanakililia kama cha asili. Lakini bitana yangu ilikuwa na miaka minne tu.

Sasa kiti. Viti vya taverna ni vya mbao, vyepesi, mgongo wima wenye vipande vya kukingama, na kikalio cha kusukwa. Utaviona kila mkahawa wa zamani. Kimoja kilikuwa kimebonyea mpaka mteja aliyekikalia alionekana mtoto mezani. Nikasema mimi naweza. Mjomba akaninunulia kamba mtaa wa Athinas, nikakaa uani nikakifumua cha zamani kwanza ili nione kilivyofungwa. Mtu yeyote wa mikono atajua raha hiyo: unafumua kazi ya mtu aliyekufa na anakufundisha kinyumenyume. Kamba inaanzia kona, inapita juu ya ubao wa mbele, inarudi kwa chini, inakata ubao wa ubavuni, inavuka hadi kona ya pili, hivyo hivyo kona zote nne, ikijongea katikati. Mwisho zinatokea pembetatu nne zinazokutana kitovuni. Hakuna msumari wala gundi. Uzito wa mkaaji ndio unaozidi kukaza.

Nilisuka cha kwanza kwa siku mbili, nikachanganya kamba nyekundu na ya kawaida, kwa sababu mikono yangu haikujua kuacha kitu bila urembo. Barba akakizunguka, akaniambia kupitia mjomba: "Kizuri sana. Nani atathubutu kukikalia?" Nikafumua. Cha pili nikakisuka kwa kamba tupu. Barba hakusema neno, alikivuta akakikalia, akaanza kusoma gazeti. Nikapewa vingine saba.

Kupitia viti hivyo nilikutana na mama mmoja, mteja wa mchana, mwenye karakana ya mikoba upande wa Psyrri, mtaa wa mafundi wa ngozi ambao siku hizi una baa nyingi kuliko mafundi. Akataka kuona vikapu vyangu. Nikavipanga mezani kama mahari. Akachukua kimoja, akafungua zipu, akakigeuza ndani nje mpaka satini ikamwagika kama matumbo ya kuku, akapitisha kidole kwenye mshono wa ukili uliokuwa umefichwa chini yake.

"Huu mshono nani kaushona?"

"Mimi."

"Kwa nini umeuficha?"

Sikuwa na jibu. Akauliza kikapu kinabeba nini. Nikasema chochote. Akasema basi bado hakijatengenezwa. Halafu akachukua uzi, akaupima kutoka begani kwangu mpaka nyongani, akaulinganisha na mshikio wa kikapu. Mshikio ulikuwa umekatwa kwa urefu wa kuning'inia vizuri kwenye msumari wa dukani, haukufaa bega la mtu. Hilo sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

Akaniruhusu niende kwake Jumanne na Alhamisi kutazama. Nilifagia vipande vya ngozi, nikatazama. Mengi aliyonionyesha yalikuwa ya kutembea tu. Tulikwenda kuangalia nguo za Zeus+Dione, wanaotumia hariri ya Soufli, mji ulio mpakani na Uturuki ambao ulikuwa ukiishi kwa viwavi vya hariri kabla biashara haijaporomoka. Tukaangalia viatu vya Ancient Greek Sandals, vya ngozi, kanda chache, vingine vina bawa dogo kisiginoni. Nikamwambia kwetu pwani tunavyo, tunaviita makubazi. Hakushangaa hata kidogo, aliniuliza tu ngozi inatiwa rangi na nini. Kampuni zote mbili zilianza mwaka 2012, katikati ya msukosuko wa madeni, vijana hawana kazi na nusu ya rafiki zake wamehamia Ujerumani. Alisema miaka ile pesa ya kununua vya kuagiza haikuwepo, ndipo watu wakakumbuka kuna mzee fulani kijijini bado ana kitanda cha kufumia.

Mjomba ana kumbukumbu yake ya miaka hiyo. Mwaka 2015 benki zilifungwa, na zilipoanza tena kutoa pesa mashineni kikomo kilikuwa euro 60 kwa siku. Barba akaanza kuwakopesha wateja chakula na kuandika kwenye tefteri. Mjomba alinionyesha lile tefteri, daftari kabisa la mangi, majina na namba, mengine yamekatwa na mengine hayakukatwa hadi leo. Na neno lenyewe asili yake ya mbali ni Kigiriki, diphthera, ngozi. Likaenda Uajemi na Uarabuni, likarudi kwao kwa mkono wa Waturuki, na kwetu likashuka na majahazi.

Mama wa karakana alimpenda Sophia Kokosalaki kuliko wabunifu wote. Ndiye aliyebuni mavazi ya sherehe za ufunguzi na ufungaji wa Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Alifariki mwaka 2019. Tulikuwa tunatazama picha za magauni yake, nguo zilizokunjwa na kutupwa mwilini kama lubega, kana kwamba zitaanguka ukipumua. Akaniambia nihesabu mishono. Nilishindwa. Ule uzembe wote unaouona umeshikwa kwa ndani na kazi ya wiki nzima. Hapo nilielewa kwamba kuvua urembo si sawa na kupunguza kazi. Mshono ukiwa hadharani huna pa kujificha.

Sikupenda kila kitu, nisije nikaonekana nimelogwa. Nilipelekwa kwenye mkahawa mmoja wa hao wapya, mchicha ukaletwa kwenye sahani kubwa ya udongo, mafungu matatu madogo, kila fungu limefungwa na jani la kitunguu. Nilikula kwa mara moja na nusu. Bei yake mjomba angelisha meza nzima. Viti vile vya taverna nilivikuta dukani kwa matajiri, vimepakwa rangi nyeusi, na kibandiko kinachokuomba usikalie. Ingekuwa barba!

Kahawa ndiyo niliyoipenda bila mashaka. Vijana wote wanatembea na freddo, kahawa kali iliyopigwa na barafu mpaka ikatoa povu, na wanaikalia saa tatu bila mtu kuwafukuza. Kabla yake ilikuwa frape, ambayo ilizaliwa mwaka 1957 kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, mfanyakazi mmoja alipotaka kahawa yake ya unga akakosa maji ya moto, akaitikisa na maji baridi kwenye kikombe cha kuchanganyia. Kukosa maji ya moto kukawapa kinywaji cha taifa kwa miaka arobaini.

Jumapili moja yule mama alituagiza mimi na mjomba tukatembee njia za mawe zinazozunguka Acropolis, mlima wa mahekalu ya kale yenye nguzo, upande wa kilima cha Filopappou. Tusiangalie juu, alisema, tuangalie chini. Njia hizo zilisimamiwa na Dimitris Pikionis kati ya mwaka 1954 na 1957, wakati nyumba za zamani za Athens zinabomolewa kupisha yale maghorofa ya kugawana. Aliokota vipande vyake: vizingiti, marumaru za ngazi, vigae, akavipanga na mafundi jiwe kwa jiwe. Unakanyaga kipande cha dirisha la mtu. Pengine mraba, pengine mstari unaokwenda bila haraka mpaka kwenye kivuli cha mzeituni. Watalii wote walikuwa wameinua simu kwenda nguzo.

Mjomba alisimama muda mrefu. "Miaka thelathini napita hapa," akasema. "Nilidhani ni mabaki tu, hawajasafisha." Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya jiwe lenye mchirizi wa bawaba ya mlango.

Nilirudi Muheza na kikapu kimoja kati ya sita, vitano nilivifumua kule kule na bitana ikawa matambara ya karakana. Nikaketi kushona upya. Kikapu cha sokoni, cha kubeba nazi nne, mchicha na chupa ya mafuta, mshono hadharani, rangi ya ukindu wenyewe na mstari mmoja mweusi mdomoni. Mshikio nikatengeneza wa singa za mkonge zilizosokotwa, zile zile alizokata babu, zilizokuwa zikiondoka bandari ya Tanga kwenye marobota zikarudi zikiwa kamba za watu wengine. Nikaupima na uzi begani kwangu kama nilivyofundishwa. Ukili wangu, nikiutazama bila satini, ulikuwa na kasoro tele. Nilifumua mara tano.

Duka la Dar es Salaam lilivikataa. Mwenye duka alisema nimemletea vikapu ambavyo havijaisha. Nikauza viwili kwa mama lishe wa stendi, ambaye hakuniuliza habari za Ugiriki, na kimoja kwa mwalimu. Kisha oda tatu kwa ndugu zao.

Mama yangu alikuwa akinitazama tu wiki zote hizo. Siku moja akachukua kimoja, akakigeuza.

"Hiki si kikapu cha bibi yako?"

"Ndicho."

"Na ulikwenda Ugiriki kukifuata?"

Akaingia stoo. Akatoka na kile cha bibi, cheusi kwa moshi, kimejaa mkaa. Akaumwaga mkaa uani, akakikung'uta mlangoni mara mbili, akanipa. "Kabla hujajisifu, pima mshikio."

Nikachukua uzi nikapima. Mshikio wa bibi ulizidi wangu kwa vidole vinne. Nikamwuliza mama kwa nini, akasema bibi alikuwa akitembea na mtoto mgongoni, kikapu kilipaswa kupita chini ya mguu wa mtoto.